Redio Iliyozama Kwenye Shira

Hotuba hii niliitoa mbele ya mafundi wa vifaa tiba, wauguzi na wanafunzi wa uhandisi. Nimeiandika karibu na nilivyoisema, ila nimepunguza mizaha iliyokuwa ya ukumbini tu.

Wakubwa zangu, shikamooni. Wenzangu, habari za asubuhi. Nanyi vijana mliosimama mlangoni kwa kukosa viti, piteni mbele mkae hata chini, maana kitu nilichokuja nacho ni kidogo na mtu wa mlangoni hatakiona.

Ni hiki. Kwa mbali mtadhani ni sarafu ya shilingi mia mbili. Ni antena ya kushonewa ndani ya mwili wa mtu. Nimeichora mwenyewe, nimeikata mwenyewe, na sijui kama kuna binadamu aliyewahi kunitesa kama ilivyonitesa. Lile beseni lililofunikwa kitambaa pale mezani lina shira. Naam, shira, kama ile ya kaimati, ila haina iliki. Tutaifikia.

Nianze na shangazi yangu. Shangazi aliwekewa betri ya moyo, yaani kifaa kidogo kinachouongoza moyo upige sawasawa, miaka michache iliyopita. Najua madaktari hawalipendi sana jina hilo, kwa sababu betri ni sehemu moja tu ya kifaa, lakini ndilo jina lililoshika, nami nitalitumia. Aliporudi kliniki, muuguzi alimkuta na simu pale wanapoiweka mama zetu wengi: ndani ya sidiria, upande wa kushoto, juu kabisa ya kovu. Akaambiwa aitoe, simu ikae angalau sentimita 15 kutoka kwenye kifaa. Sababu kubwa ya ushauri huo ni sumaku zilizomo ndani ya simu, maana betri za moyo zimetengenezwa zibadili mwendo zikikaribiwa na sumaku. Shangazi akaitoa. Kisha akaona fundi anafungua kompyuta, hamchomi sindano, hamuungi waya, na kwenye kioo inatokea historia yote ya moyo wake. Jioni akanipigia: "Mwanangu, wewe si ndiye uliyesomea redio? Hebu niambie, wale wanaongeaje na kitu kilichoshonewa ndani yangu? Na kama wao wanaweza kuongea nacho, nani mwingine anaweza?"

Maswali mawili. La kwanza limenichukua miaka. La pili nitalijibu kwa kifupi, si kwa sababu ni dogo.

Mambo haya si mapya kama yanavyoonekana. Tarehe 25 Februari 1957, huko Paris, Djourno na Eyriès walimpandikizia mtu asiyesikia koili ndogo, yaani waya ulioviringwa, iliyounganishwa na neva ya usikivu, wakaipelekea ishara kupitia ngozi, bila tundu wala waya. Mwaka huohuo Mackay na Jacobson waliandika habari za kidonge cha kumezwa chenye redio ndani yake, kinachotangaza joto na mgandamizo kikiwa tumboni. Halafu tarehe 8 Oktoba 1958, huko Sweden, daktari Åke Senning alimpandikizia Arne Larsson betri ya moyo iliyobuniwa na mhandisi Rune Elmqvist. Waliimimina kwenye gundi ngumu, na kalibu yao ilikuwa kopo la dawa ya viatu. Fundi yeyote wa mtaani angeelewa kazi hiyo bila kutafsiriwa. Kile cha kwanza kilidumu saa chache tu, kikawekwa kingine. Larsson alibadilishiwa vifaa zaidi ya ishirini maishani mwake, akawazika Elmqvist na Senning wote wawili, akafariki mwaka 2001 akiwa na miaka 86.

Kuna jambo kwenye kifaa kile ambalo watu hulipita. Kilikuwa kinachajiwa kutoka nje, kwa koili, kupitia ngozi. Yaani tangu siku ile ya kwanza mhandisi alijua kwamba ukishakishona kifaa ndani ya mtu, lazima ubaki na njia ya kubisha hodi.

Kwa miaka mingi njia hiyo iliendelea kuwa koili na koili. Nyinyi mafundi mnakijua kile kichwa cha mashine ya kuprogramu, ile ya kusoma na kupanga kazi ya kifaa, kinachowekwa juu ya kifua cha mgonjwa. Kinatumia masafa ya chini, yaani wimbi linalotetema polepole, na sumaku yake inayobadilikabadilika hupenya hata gamba la titani linalofunika kifaa. Kinafanya kazi vizuri kabisa, mradi kiguse kifua au kiwe sentimita chache tu. Ukitaka kumpima mgonjwa akiwa amelala chumbani kwake, mashine ikiwa mita mbili kutoka kitandani, koili haikufikishi. Hapo unahitaji wimbi la redio lenyewe, na wimbi linahitaji antena.

Basi wahandisi wakakaa kutafuta masafa. Ukishuka chini sana, antena inakuwa kubwa kuliko mgonjwa. Ukipanda juu sana, mwili unalimeza wimbi kabla halijafika kwenye ngozi. Mwaka 1999 mamlaka ya mawasiliano ya Marekani ilitenga megahezi 402 hadi 405 kwa ajili ya vifaa vilivyopandikizwa, na nchi nyingi zikafuata. Unajua nani alikuwa anaishi humo tayari? Puto za hali ya hewa. Zile zinazorushwa vituoni, kama pale Dagoretti Corner, Nairobi, hubeba kisanduku kidogo kinachotuma joto, unyevu na mgandamizo wa hewa kwenye ukanda huohuo wa kuzunguka megahezi 400. Ukanda huo umetengwa kwa kazi hiyo duniani kote, kwa hiyo mgonjwa akipanda ndege akashuka bara jingine, kifaa chake hakigeuki haramu. Na sauti ya kifaa ni ndogo mno, haiwezi kulisumbua puto. Kiwango cha juu kinachoruhusiwa ni mikrowati 25. Simu ya kizazi cha pili, zile tulizoanza nazo, iliweza kupiga hadi wati 2. Gawanya: mara elfu themanini.

Kuna adabu pia. Mashine ya nje lazima isikilize kwanza, itafute chaneli iliyo kimya, ndipo ianze kuzungumza. Inabisha hodi. Dharura tu ndiyo inayokiruhusu kifaa kuingia bila kusubiri jibu. Sijui aliyeandika kanuni hiyo alilelewa wapi, lakini alilelewa vizuri.

Sasa tuingie mwilini.

Hewani, wimbi la megahezi 403 lina urefu wa sentimita 74 hivi. Antena ya kawaida hutaka nusu ya hapo, au robo ukiifanyia ujanja. Robo ni sentimita 18 na ushee. Nani atakubali kushonewa rula kifuani? Lakini mwili si hewa. Msuli umejaa maji, na maji hulichelewesha wimbi. Kwenye msuli, kwa masafa hayo, wimbi husafiri kwa kasi ndogo karibu mara saba na nusu kuliko hewani, na urefu wake husinyaa kwa kiwango hichohicho. Sentimita 74 zinakuwa kama 10. Robo yake ni mbili na nusu. Ikunje njia ya shaba iende na kurudi kama nyoka, au iviringe kama mkeka, kisha pigilia pini moja inayounganisha bamba la juu na la chini ili robo itoshe badala ya nusu, na hapo ndipo unapoipata sarafu hii niliyoishika. Mwili wenyewe ndio uliotupunguzia.

Ila mwili haukupi kitu bure. Maji yake yana chumvi. Damu, jasho, majimaji kati ya seli, vyote vinapitisha umeme, na wimbi linapopita humo linaacha nguvu yake njiani kama joto. Wavuvi wa hapa wanajua kwamba redio ikizama baharini haikuletei taarifa ya habari. Tofauti ya bahari na kifua cha shangazi ni ya kiasi tu. Kwa antena nyingi za aina hii, katika sehemu elfu moja za nguvu unayoipa, moja ndiyo inayotoka nje ya ngozi. Mwanafunzi wangu mmoja aliposikia hivyo akasema, "Hiyo si antena, hiyo ni hita." Nilicheka, kisha nikaenda kukagua hesabu zangu upya. Kwa bahati nzuri nguvu yenyewe ni ndogo kiasi kwamba joto hilo halimuumizi mtu, na viko viwango vinavyolinda jambo hilo: Marekani wati 1.6 kwa kilo ya tishu, ikipimwa kwa wastani wa gramu moja, na kwingineko wati 2 kwa wastani wa gramu kumi.

Na sasa aibu yangu. Antena yangu ya kwanza niliipima hewani, juu ya meza, kama nilivyozoea kupima antena za minara. Nilihangaika nayo wiki tatu hadi ikatulia kwenye 403. Nikaandika kwenye daftari kwamba imekamilika. Kesho yake nikaizamisha kwenye shira. Jamani! Iliporomoka hadi mahali ambapo hata kipimo changu sikuwa nimekifungua. Nilidhani waya umekatika. Nilibadilisha waya, nikabadilisha kiunganishi, nikamlaumu aliyeniuzia kiunganishi. Hakuna kilichokuwa kimekatika. Nilikuwa nimetengeneza antena nzuri ya kutumika mezani.

Ndiyo maana nimeleta beseni. Hatuwezi kupima kila mchoro ndani ya mtu, kwa hiyo tunapika mwili wa bandia. Maji yaliyosafishwa, sukari, chumvi. Basi. Sukari inapunguza ile tabia ya maji ya kulichelewesha wimbi, mpaka ifanane na tishu unayoitaka, na chumvi inapandisha upitishaji wa umeme. Kuiga ngozi kwa masafa ya 403, zaidi ya nusu ya uzito wa mchanganyiko ni sukari. Mara ya kwanza nilipoingia dukani kununua kilo za sukari kwa ajili ya maabara, mwenye duka aliniuliza shughuli ni ya nani.

Tangu siku ile sichori tena antena kisha nikaiweka mwilini. Nauchora mwili kwanza. Nauliza: itakaa wapi? Kwenye msuli, au chini ya mafuta tu? Maana mafuta ni kitu kingine kabisa, hayana maji mengi, na kwa wimbi la redio yanafanana zaidi na plastiki kuliko nyama. Mgonjwa akinenepa, antena yake inasikia tofauti. Akikonda, vilevile. Kwa hiyo ingawa ukanda tuliopewa una upana wa megahezi 3 tu, antena nzuri huchorwa iwe pana zaidi ya hapo, ili mwili ukiivuta huku na huku isitoke nje. Shaba nayo haiwezi kuachwa ikaguse nyama, kwa sababu ni sumu kwa tishu, na chumvi ingeifupishia njia ya umeme. Inavikwa blanketi la kauri au silikoni au plastiki maalumu, na unene wa blanketi hilo, hata sehemu ya milimita, unabadilisha masafa. Ukiniuliza antena inaishia wapi, sina mpaka wa kukuonyesha. Shaba ni yangu, nusu nyingine ni ya mgonjwa.

Na gamba? Kifaa chenyewe kimefungwa ndani ya titani, na titani ni metali, hailipitishi wimbi la redio. Ndiyo maana antena hukaa nje ya gamba, kwenye ile sehemu ya juu inayong'aa kama kioo ambapo nyaya za moyo huchomekwa. Manesi mliowahi kushika kifaa kilichotolewa, kitazameni tena mkikipata.

Kuhusu umeme nitasema jambo moja. Kifaa kinatakiwa kiishi miaka bila kufunguliwa, hivyo redio yake inalala karibu muda wote. Kuna chipu iliyotengenezwa kwa kazi hii ambayo ikilala hula nanoampea 250 tu, na huamshwa kwa wito wa gigahezi 2.45, ndipo ifungue mdomo kwenye 403. Inaamshwa kwa mlango mmoja, inazungumza kwa mwingine.

Wapo walioamua kuacha betri kabisa, na hao nawaonea wivu. Kuna kipimo kinachowekwa kwenye ateri ya mapafu ya mgonjwa ambaye moyo wake umechoka, kilichoidhinishwa Marekani mwaka 2014. Ndani yake kuna koili na kapasita tu, yaani kile kidude kinachohifadhi chaji ya umeme. Mgonjwa anajilaza nyumbani kwake juu ya mto wenye antena, mto unapiga wimbi, na kile kipimo kinaitikia kwa sauti yake. Damu ikikisukuma zaidi au ikipunguza, kiwambo chake kinapinda na sauti inabadilika, kama ngoma inavyobadilika ukiipasha moto na ngozi ikakaza. Daktari anasoma sauti hiyo akiwa mbali na kujua mgandamizo kabla miguu haijavimba. Mtu wa Kigoma anayelipa nauli hadi Dar es Salaam kupimwa dakika kumi ataelewa thamani ya jambo hili haraka kuliko mhandisi.

Kidonge chenye kamera, kile kilichoidhinishwa mwaka 2001, kina tatizo lake la pekee. Kina urefu wa milimita 26 na upana wa 11, kinapiga picha kikitelemka na matumbo kwa saa nane hivi, na kinazituma kwenye vipokezi vilivyobandikwa tumboni. Kinapinduka. Hujui saa hii kimelala chali au ubavu. Antena yake lazima isikike pande zote, kama muadhini asiye na mnara.

Nigeuke kidogo kwa mafundi wa picha, maana hili lenu linanikera. Kuna antena ambazo hakuna aliyezichora. Waya wa betri ya moyo una urefu wa karibu nusu mita. Mashine ya MRI, ile inayopiga picha za ndani ya mwili kwa sumaku kubwa, ikiwa ya nguvu ya tesla 1.5 hupiga wimbi la megahezi 64, na wimbi hilo likiingia mwilini urefu wake nao unakuwa karibu nusu mita. Mnaona kinachotokea? Waya uliotengenezwa kubeba mapigo unageuka antena bila kuombwa, unakusanya nguvu ya mashine na kuimwaga kwenye ncha iliyogusa moyo. Ncha inapata moto. Betri ya moyo ya kwanza iliyoidhinishwa Marekani kuingia MRI kwa masharti ilikuja mwaka 2011 tu, na masharti hayo yanahusu kifaa pamoja na waya wake. Mgonjwa mwenye gamba jipya na waya wa zamani huenda asiwe ndani ya idhini hiyo. Nawaomba muulize habari za waya. Kadi ya mgonjwa huandikwa yote mawili.

Na kero nyingine iliyo karibu yetu zaidi. Mashine ya kuprogramu ya kampuni moja haizungumzi na kifaa cha kampuni nyingine. Antena zinasikia, masafa ni yaleyale, lugha ndiyo wamezificha. Nimewahi kusimama kwenye hospitali moja, sitaitaja, mgonjwa amefika na kifaa alichowekewa nchi nyingine, na mashine iliyokuwepo haikuweza kumwambia hata kama betri yake imebakiza mwaka au wiki. Chuo Kikuu cha Michigan kimekuwa kikijaribu betri za moyo zilizosafishwa na kutumika upya kwa wagonjwa wasio na uwezo, Kenya ikiwa miongoni mwa nchi za majaribio, na matokeo waliyoyatoa Novemba 2024 yalitia moyo. Nayaunga mkono. Lakini kila kifaa kama hicho kikiingia nchini, nani ana mashine inayokijua lugha?

Swali la pili la shangazi: nani mwingine anaweza kuongea nacho? Mwaka 2008 watafiti wa vyuo vya Marekani walichukua kifaa cha kushtua moyo kilichokuwa kikiuzwa, wakakaa nacho na redio ya maabara, wakaweza kusoma habari za mgonjwa na hata kubadili mipangilio. Walifanya hivyo kwa umbali wa sentimita chache. Dick Cheney, aliyekuwa Makamu wa Rais wa Marekani, alisema mwaka 2013 kwamba daktari wake alizima mawasiliano ya redio ya kifaa chake mwaka 2007 kwa hofu ya namna hiyo. Na mwaka 2017 betri za moyo kama 465,000 nchini humo zilihitaji programu mpya kwa sababu ya mwanya wa usalama. Nilimwambia shangazi ukweli huu wote. Akanyamaza kidogo, akasema, "Basi mimi si Makamu wa Rais." Nikamwambia ni kweli, lakini mwanya huzibwa kwa ajili ya wote. Akaniambia nimtafutie sidiria isiyo na mfuko.

Nimalizie na habari iliyonikosesha usingizi, kwa sababu imekuja kunicheka. Mwaka 2023 Marekani iliidhinisha betri za moyo zisizo na nyaya zinazofanya kazi mbilimbili, moja kwenye chumba cha juu cha moyo na nyingine cha chini. Ni vidude vidogo kama kapsuli. Lazima vipatane kila pigo, asipige huyu kabla ya yule. Wenyewe wameiacha redio. Hakuna 403, hakuna shaba iliyokunjwa kama nyoka. Kimoja kinatoa mpigo mdogo wa umeme, damu na msuli vinaubeba, mwenzake anausikia. Chumvi ileile iliyokuwa inanila nguvu yangu miaka yote hii ndiyo waya wao.

Haya, fungueni kitambaa. Njooni wanne wanne, tutaizamisha antena, mtaiona mstari wake kwenye kioo ukiteleza kushoto. Yule kijana aliyetia kidole, usilambe. Ina chumvi, na imekaa wiki mbili.